Kutoka Rundo la Hadithi Hadi Kitabu: Mwongozo Kamili wa Mkusanyiko Wako wa Kwanza

Miswada mingi ya kwanza ya hadithi fupi hukwama mahali pamoja. Mwandishi ana hadithi 15 au 20 alizoziandika kwa miaka kadhaa. Anazifungua moja moja, anazinakili kwenye faili moja kwa utaratibu ule ule alioziandika, anatafuta jina, anatuma. Miezi inapita. Jibu likija huwa la mistari miwili: hadithi zako ni nzuri, ila hiki bado hakijawa kitabu.

Maneno hayo yanauma kwa sababu hayaelezi kitu. Niliwahi kuyapokea mimi mwenyewe, na tangu nianze kuwasomea wenzangu miswada yao nimelazimika kuyasema mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mwongozo huu nimeuandika ili anayeyasikia awe na pa kuanzia. Hautakufundisha kutunga hadithi moja. Nachukulia hilo unaliweza. Unahusu kazi inayofuata: kuchagua, kupogoa na kupanga, mpaka msomaji akifika ukurasa wa mwisho ahisi kwamba muda wote alikuwa akisikiliza mtu mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Hadithi 12 hadi 20 zilizokamilika. Iliyokamilika ni ile yenye mwisho, na ambayo umeshaisahihisha angalau mara mbili. Vipande ulivyoviacha katikati havihesabiwi.
- Nakala ya kila hadithi iliyochapwa kwenye karatasi. Usijaribu kuifanya kazi hii yote kwenye kioo cha simu.
- Kadi ngumu, moja kwa kila hadithi, na kalamu za rangi tatu.
- Daftari moja la kazi hii pekee.
- Programu ya kuandikia inayohesabu maneno na yenye sehemu ya kutafuta neno ndani ya faili.
- Folda yenye hadithi zote kama zilivyo leo. Iite "Asili" na usiiguse tena. Utakata mengi, na mkono hukata kwa ujasiri ukijua kuna pa kurudi.
- Wasomaji watatu. Nitaeleza baadaye wawe watu wa namna gani.
- Muda wa miezi mitatu hadi minne.

Kuhusu urefu, lenga hadithi 9 hadi 13, jumla ya maneno 35,000 hadi 50,000. Hicho ni kitabu cha kurasa 130 hadi 180 hivi. Utakutana na vipimo vikubwa zaidi mtandaoni, lakini vingi vimepigwa kwa Kiingereza. Kiswahili hufungasha mengi ndani ya neno moja. "Nisingalimwambia" kwetu ni neno moja, kwao ni sentensi ya maneno sita. Usijaze kitabu maji kwa ajili ya kufukuzia hesabu ya lugha nyingine.

## Hatua ya 1: Zilaze

Ziweke hadithi zote kando kwa wiki nne. Usizisome wala usizisahihishe, na usimtumie mtu.

Sababu ni kwamba hadithi uliyoiandika juzi unaisoma kwa kumbukumbu, na macho yanaona ulichokusudia badala ya kilichoandikwa. Ukiona mikono inawasha, soma mikusanyiko ya watu wengine. Soma mmoja mzima kuanzia jalada hadi jalada, bila kurukaruka, ujionee jinsi hadithi ya tatu inavyobadilika kwa sababu ulishasoma ya pili.

## Hatua ya 2: Zisome zote ndani ya siku tatu

Chukua karatasi zako, keti, soma. Kalamu usiishike kabisa. Ukimaliza kila hadithi andika sentensi moja tu daftarini: imeniacha na nini? Usiandike inahusu nini. "Imeniacha na aibu ambayo sikujua ninayo" ni jibu. "Inahusu ndoa" si jibu.

Siku tatu ni muhimu. Ukizisoma kwa mwezi mzima utaziona moja moja, kama ulivyokuwa ukiziona siku zote. Msomaji wa kitabu atazikuta zikiwa zimebanana, harufu ya moja imeingia kwenye nyingine.

Utajua umefanikiwa iwapo siku ya tatu jioni umeanza kuchoshwa na jambo fulani katika uandishi wako, na unaweza kulitaja kwa jina.

## Hatua ya 3: Chora jedwali

Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndipo kitabu kinapozaliwa.

Chora jedwali lenye safu hizi: jina la hadithi, idadi ya maneno, nani anasimulia na kwa nafsi ipi, umri na jinsia ya mhusika mkuu, mahali, muda unaopita ndani ya hadithi (saa moja, siku, miaka ishirini), sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na ile sentensi ya "imeniacha na nini". Jaza kwa uaminifu. Sentensi za kwanza na za mwisho zinakili neno kwa neno.

Kisha soma kila safu kutoka juu hadi chini, kana kwamba ni shairi.

Kwenye jedwali langu niliona hadithi sita zinazofungwa na mtu anayeondoka: anafunga mlango, anapanda gari, anatembea barabarani mpaka anakuwa nukta. Kila moja, ikisomwa peke yake, ilikuwa na mwisho mzuri. Zikiwa pamoja zilikuwa zinapiga mluzi mmoja. Mwenzako ataona kitu kingine: wasimulizi wote ni watoto, au kila mama amefariki kabla ya sentensi ya kwanza, au kila hadithi inaanza na mtu anayeamka asubuhi, au wanaume wote hawana kazi nyingine ila kukosea.

Usikimbilie kufuta. Jirudio lina sura mbili. Kuna linalokua, ambapo kila linaporudi linaleta kitu ambacho halikuwa nacho awali. Hilo ni uzi wa kitabu chako, lilinde. Na kuna linalorudi kwa sababu mkono umelizoea. Ili kuyatenganisha, weka majirudio mawili ya jambo hilo hilo kando kwa kando na ujiulize: la pili linajua nini ambacho la kwanza halijui? Ukikosa jibu, hiyo ni tabia tu, na inabidi uivunje.

Tumia kalamu za rangi. Jirudio la uzi lipake rangi moja, la mazoea rangi nyingine. Rangi ya tatu iwe ya kitu ambacho hakipo kabisa: hakuna mzee, hakuna kicheko, hakuna hadithi ya kurasa nne, hakuna hata mmoja anayefanya kazi kwa mikono yake. Nafasi hizo tupu utazihitaji hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Tafuta swali

Shuleni tulifundishwa kutafuta dhamira, na dhamira ina manufaa yake. Kwa kazi hii ni pana mno. "Ukoloni mamboleo", "nafasi ya mwanamke", "migogoro ya kizazi": madebe makubwa namna hiyo yanaweza kubeba hadithi ya mtu yeyote. Tafuta swali, na liwe dogo, la kwako, ambalo bado hulijui jibu.

Rudi kwenye zile sentensi za "imeniacha na nini". Ziandike upya kwenye ukurasa mmoja. Mara nyingi utaona tano au sita zinazunguka kisima kimoja. Mtu anaweza kudhani ameandika kuhusu umaskini, kumbe kila hadithi yake inauliza: mtu anaruhusiwa kuficha nini kwa anayempenda? Akishaliona swali hilo, ghafla anajua hadithi ipi ni ya kitabu hiki na ipi inasubiri kingine.

Kitabu kinaweza pia kushikwa na mtaa mmoja, familia moja, au mhusika anayepita kwa mbali katika kila hadithi. Yote hayo yanafaa, mradi uyakute ndani ya kazi yako. Tahadhari hapa: usichukue hadithi za watu wasiohusiana ukawabadilisha majina ili wawe ndugu. Msomaji huhisi kiraka. Hadithi iliyozaliwa na mji wake ikihamishiwa mji mwingine kwa kubadilisha jina tu hubaki na udongo wa kwao miguuni.

Umefanikiwa ukiweza kuandika swali lako kwa maneno yasiyozidi kumi na tano, na likakutia wasiwasi kidogo.

## Hatua ya 5: Chagua, hata kama inauma

Panga kadi mezani au sakafuni. Fanya mafungu matatu: Ndani, Nje, na Karakana. Ndani ni hadithi zinazolijua swali na zimesimama. Karakana ni zile zinazolijua swali lakini zina jeraha linaloweza kutibika. Nje ni zote zilizobaki.

Ugumu wa fungu la Nje ni kwamba ndani yake mtakuwa na hadithi nzuri. Labda ile iliyoshinda shindano, au ile ambayo rafiki zako wanaitaja kila mkikutana. Ikiwa haizungumzi na wenzake, iache. Itamvuta msomaji kwenye njia ambayo kitabu hakiendi, na baada yake atasoma zilizobaki akiwa anaisubiri irudi. Haijafa. Ina maisha yake kwenye jarida, au ndani ya mkusanyiko wako wa pili.

Hadithi za Karakana zipe wiki mbili kila moja, na zisizidi nne. Zikiwa zaidi ya nne, mswada haujaiva na hakuna aibu kuuacha mwaka mmoja zaidi.

Kisha tazama ile rangi ya tatu. Pengo kubwa kuliko yote linakuomba hadithi mpya. Iandike, na uandike ukijua majirani zake ni akina nani. James Joyce, mwandishi wa Ireland, alipompelekea mchapishaji mkusanyiko wake wa *Dubliners* mwaka 1905 ulikuwa na hadithi 12. Kitabu kilipotoka mwaka 1914 zilikuwa 15. Ya mwisho kwenye kitabu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, aliiandika mwaka 1907, miaka miwili baada ya kuupeleka mswada. Nawatajia wenzangu mfano huu kila mara, kwa sababu wengi wanadhani kukusanya ni kazi ya kuchagua tu vilivyopo.

Dalili ya mafanikio: kadi 9 hadi 13 mezani, na kwa kila moja unaweza kusema kitabu kingepoteza nini kama isingekuwepo.

## Hatua ya 6: Kata mikia, amsha vichwa

Wengi wetu tulijifunza kusimulia kupitia insha. Fungua kwa methali, funga kwa funzo. Mazoea hayo yametulia mikononi, na katika hadithi ya kifasihi yanaonekana pale pale mwishoni. Hadithi inafika mahali pake, kisha mwandishi anaogopa kwamba msomaji hajaelewa, anaongeza sentensi.

Angalia mfano huu niliouandika kwa ajili ya zoezi:

"Akalikunja shati la babake, akaliweka juu ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu Jumatatu. Akasimama mlangoni kitambo. Hapo ndipo alipotambua kwamba thamani ya mtu huonekana akishaondoka, na akajiapiza kuwathamini waliobaki."

Sentensi ya tatu inamnyang'anya msomaji kilio chake mwenyewe. Iondoe. Kisha jiulize kuhusu ya pili: kusimama mlangoni kunaongeza nini? "Tangu Jumatatu" imeshamaliza kazi. Mimi ningeishia hapo.

Fanya hivi kwa kila hadithi: funika sentensi ya mwisho kwa kidole, usome. Ikiwa hadithi bado imesimama, kata. Funika tena. Endelea mpaka kitu kivunjike, kisha rudisha sentensi moja. Katika miswada niliyoisoma, mara nyingi mwisho wa kweli hukaa aya moja au mbili juu ya ule ulioandikwa.

Onyo: kukata mkia si kuficha. Kama msomaji hajui shati ni la nani, hujamwachia nafasi ya kufikiri, umemnyima habari. Habari ziwe wazi. Hukumu ndiyo uachie yeye.

Kwa upande wa vichwa, ogopa "Ilikuwa ni siku ya..." na maelezo ya hali ya hewa yanayochukua nusu ukurasa. Mwanzo mzuri humweka msomaji katikati ya jambo ambalo tayari linaendelea. Mara nyingi unaupata kwa kufuta aya ya kwanza tu, maana aya hiyo ulikuwa unajipasha moto.

Sasa tumia ile sehemu ya kutafuta maneno. Weka hadithi zote kwenye faili moja ya muda na utafute misemo yako ya mazoea. Anza na hii: "ghafla", "kimya kikatanda", "machozi yalimlengalenga", "moyo ulimwenda mbio", "alishusha pumzi". Ndani ya hadithi moja, "moyo ulimwenda mbio" haumsumbui mtu. Ukirudi mara kumi na moja kitabuni, msomaji anaanza kuhesabu. Bakiza mmoja, mahali unapostahili, na kwingine kote tafuta kile ambacho mwili wa mhusika huyo, na yeye tu, ungekifanya.

Sikiliza pia mnyororo wa -ka-. "Akaingia, akaketi, akafungua barua, akasoma, akalia." Ni mwendo wenye nguvu, na masimulizi yetu yameujengea heshima. Lakini hadithi kumi zote zikienda kwa mwendo huo, zinafanana hata pale zinaposimulia watu wasiofanana. Mtoto anayekumbuka, mlinzi wa usiku anayelalamika, na msimulizi anayetazama kutoka mbali hawawezi kupanga vitenzi namna moja.

## Hatua ya 7: Panga

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndiyo hufanywa kwa haraka kuliko zote.

Hadithi ya kwanza inamfundisha msomaji jinsi ya kukisoma kitabu. Isiwe ndefu kuliko zote wala yenye muundo mgumu kuliko zote. Iwe na sauti yako kwa uwazi, na iliguse swali bila kulimaliza. Mhariri mwenye miswada mingi mezani huenda akasoma hiyo na mwanzo wa ya pili, basi.

Ndiyo maana ya pili ina kazi yake: kuthibitisha kwamba ya kwanza haikuwa bahati. Ibadilishe kitu kimoja kinachoonekana. Kama ya kwanza ni ya nafsi ya kwanza, hii iwe ya tatu. Kama ile ilikuwa ya siku moja, hii ibebe miaka.

Katikati, fikiria pumzi. Baada ya hadithi ndefu au yenye msiba mzito, weka fupi, hata ya kurasa tatu. Usiweke vifo viwili vikifuatana, maana cha pili hakitasikika. Wasimulizi wawili watoto wasikae pamoja. Hadithi yenye kicheko iweke pale ambapo msomaji ameanza kukata tamaa ya kukipata.

Kuna desturi ya kuficha hadithi dhaifu kwenye nafasi ya pili kutoka mwisho. Msomaji wa hadithi fupi hana wajibu wa kufuata utaratibu. Anaweza kufungua popote, na ndipo atakapofungua. Ukijikuta unatafuta pa kuificha, irudishe fungu la Nje.

Ya mwisho iwe ile inayofungua dirisha. Msomaji akiimaliza, zile zilizotangulia zibadilike kidogo nyuma yake. Si lazima iwe ya huzuni. Si lazima hata iwe bora kuliko zote, ila iwe ile ambayo hakuna nyingine inayoweza kusimama baada yake.

Jinsi ya kufanya: panga kadi kwa njia tatu tofauti na uzipige picha zote tatu. Kwa mpango unaoupendelea, tengeneza faili ya mishono. Kwenye kila ukurasa weka aya ya mwisho ya hadithi moja na chini yake jina na aya ya kwanza ya inayofuata. Soma mishono yote kwa sauti. Utasikia mambo ambayo kadi haziwezi kusema: hadithi moja inaisha kwa maji na nyingine inaanza kwa mvua, au mhusika anaitwa Yusufu pande zote mbili, au, kwa neema, swali lililoachwa na moja linapokelewa na sauti ngeni kabisa. Mishono ya namna hiyo ya mwisho usiiguse.

Umefanikiwa ukijaribu kuhamisha kadi moja na ukahisi lazima uhamishe nyingine tatu.

## Hatua ya 8: Jina

Tumezoea mtindo wa jina la hadithi moja likifuatwa na "na Hadithi Nyingine". Ni mtindo wa heshima na msomaji anaelewa mara moja anashika kitabu cha namna gani. Kwa mkusanyiko wa watu wengi unafaa sana. Kwa kitabu chako cha kwanza, nakushauri ufikirie mara mbili, maana unatangaza kwamba kuna hadithi moja na wafuasi wake, baada ya wewe kuhangaika kuzifanya zisimame sawa.

Tafuta jina linalofunika swali. Linaweza kuwa jina la hadithi moja likiwa peke yake. *Interpreter of Maladies* (yaani "Mkalimani wa Maradhi"), kitabu cha kwanza cha mwandishi wa Marekani Jhumpa Lahiri cha mwaka 1999, kina hadithi 9 na kimechukua jina la hadithi ya tatu. Mwaka uliofuata kilishinda Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi nchini Marekani. Jina lile linafaa kitabu kizima kwa sababu karibu kila mtu humo anajaribu kufasiri uchungu wa mwingine. Au chukua maneno kutoka ndani ya hadithi, yale ambayo msomaji akiyakuta atasimama.

Jaribio: mtajie mtu jina hilo kwa simu, mara moja tu, bila kulirudia. Kama ameweza kuliandika sawasawa, limepita. Kisha litafute mtandaoni kuona kama tayari ni jina la kitabu kingine.

## Hatua ya 9: Wasomaji watatu

Mmoja awe mwandishi. Wa pili awe msomaji mzuri asiyeandika. Wa tatu awe mtu anayeifahamu kwa karibu dunia unayoisimulia, akuambie pale ulipokosea kuhusu kazi, imani au usemi wa watu wake. Ndugu anayekupenda sana msamehe kazi hii.

Usiwaulize "umeonaje?" Utaambiwa ni nzuri. Waulize: uliacha kusoma wapi, ukafanya kitu kingine? Hadithi zipi mbili unazichanganya kichwani? Ipi ungeitoa kama ungelazimishwa? Baada ya kufunga kitabu, ulibaki ukimfikiria nani?

Swali la pili ndilo naliamini zaidi. Hadithi mbili zinazochanganyika kichwani mwa msomaji huwa ni hadithi moja iliyoandikwa mara mbili, na moja lazima iondoke.

Wakitofautiana, usipige kura. Wakikubaliana watatu kuhusu tatizo, liamini. Kuhusu dawa, amini sikio lako.

## Hatua ya 10: Umbo la mswada

Hapa hakuna fumbo. Karatasi ya A4, pambizo za sentimita 2.5, fonti rahisi ya ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari. Kila hadithi ianze ukurasa mpya, lakini nambari za kurasa ziendelee mfululizo. Mbele weka ukurasa wa jina wenye idadi ya maneno na mawasiliano yako, kisha yaliyomo. Tabaruku na shukrani zinaweza kusubiri mkataba.

Tengeneza karatasi ya maamuzi ya lugha: "kwa hiyo" au "kwahiyo"? Mazungumzo kwa alama za kunukuu au kwa kistari? Maneno ya lugha nyingine yalazwe (kwa italiki) au yasilazwe? Amua mara moja, tekeleza kote. Wahusika wako wana haki ya kuzungumza kwa lahaja na lafudhi zao, na usiwasafishe. Ila mtu anayesema "kwani" ukurasa wa 12 asigeuke mtangazaji wa redio ukurasa wa 15.

Mwisho, soma mswada wote kwa sauti. Ni saa tano hadi saba, zigawe kwa siku mbili. Ulimi ukijikwaa, weka alama.

## Hatua ya 11: Tuma

Kabla ya kutuma, orodhesha hadithi zilizowahi kuchapishwa popote, na usome tena ulichotia saini. Kama ulitoa haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, uko huru. Kama ulitoa haki zote, au za kipekee kwa miaka kadhaa, omba ruhusa kwa maandishi. Hili likigunduliwa baada ya kitabu kupangwa chapa, gharama na aibu ni zako.

Barua isizidi ukurasa mmoja: jina la kitabu, idadi ya hadithi na maneno, swali lako kwa sentensi mbili, hadithi zilizowahi kuchapishwa na wapi, na wasifu mfupi. Usimweleze mhariri kila hadithi moja moja. Soma masharti ya kila mchapishaji na uyafuate kama yalivyo. Wakiomba hadithi tatu, peleka tatu za mwanzo kwa mpangilio wako.

Kama mchapishaji anakutaka ulipie uchapishaji, jua kwamba hiyo ni huduma unayonunua, na uipime kama unavyopima huduma nyingine. Mkataba wa kawaida hukulipa wewe, mara nyingi kwa mrabaha (fungu lako la mauzo ya kitabu), na lazima useme haki zitakurudia lini kitabu kisipouzwa tena.

Kwenye daftari lako fungua ukurasa wa kumbukumbu: umepeleka wapi, tarehe gani, toleo lipi, wamejibu nini. Jibu la kukataa lisilo na sababu liandike tarehe na uendelee. Peleka kwingine wiki hiyo hiyo. Lenye sababu linakili neno kwa neno, usiguse mswada, subiri. Watu watatu wasiojuana wakitaja hadithi ile ile, toa kadi zako tena na uzipange sakafuni.